Ravioli ya Tatu

Vita baina ya ukoo wa Scopelliti na ukoo wa Pang vilianza Ijumaa moja ya baridi kali, saa moja na nusu jioni, kwa ajili ya ravioli moja iliyobaki kwenye sahani. Hakuna aliyekufa. Lakini bwana mmoja alikaribia, na msichana aliyeitwa Allegra angeweza kumwokoa siku tisa kabla. Hakumwokoa. Alikuwa na sababu nzito: alitaka kucheka.

Bwana mwenyewe alikuwa baba yake, Rocco Scopelliti, fundi wa sakafu za terazo. Nusu ya watu wanaopanga foleni katika benki za Melbourne wamesimama juu ya kazi ya mikono yake, ingawa hawajui. Binti yake mkubwa, Ornella, alikuwa amechumbiwa na Kelvin Pang, mfamasia mpole mwenye miwani ambaye huomba radhi hata kwa mlango akiugonga. Lilikuwa limebaki jambo moja tu: wazee wa pande zote mbili wakutane, wale, wakubaliane siku ya harusi.

Rocco angeweza kuwaalika nyumbani kwake, kitongoji cha Reservoir, ambako mkewe Mimma hupika tambi za kutosha kikosi cha zimamoto. Hakutaka. Baba yake Kelvin ni daktari wa meno.

"Daktari wa meno humlishi jikoni, karibu na mashine ya kufulia," alisema. "Unampeleka mahali penye kofia."

Kofia hizo ni zile ambazo magazeti huivisha mikahawa inayotoa chakula kidogo kwa heshima kubwa. Cenere, mkahawa wa Kiitaliano wa mtaa wa Lygon, ulikuwa nazo mbili. Mhudumu wake alinong'ona kama padri kwenye kitubio. Sahani zake zilikuwa na upana wa usukani wa lori, na katikati ya kila sahani, kwa mbali, mtu mwenye macho mazuri aliweza kuona chakula.

"Hii," mhudumu alinong'ona, "ni tafakuri ya mpishi wetu juu ya bustani ya bibi yake."

Zilikuwa njegere nne.

Rocco, ambaye bibi yake alikuwa na bustani kweli na aliilima kwa jembe, alizitazama zile njegere, akazihesabu mara ya pili, akajikaza. Wageni ni wageni. Kisha zikaja ravioli, tatu kwa kila mtu, zimejazwa jibini na mchicha, zimelala kwenye siagi yenye rangi ya dhahabu.

Bibi Pang, mama yake daktari, mwenye miaka themanini na moja na mgongo ulionyooka kama rula, alikula ya kwanza. Akala ya pili. Akafumba macho kidogo. Halafu akaweka uma chini, akapangusa midomo, akaiacha ya tatu pale pale, akatabasamu. Daktari Pang naye akaacha moja. Mkewe akaacha moja na nusu. Kelvin akamtazama bibi yake, akamtazama mchumba wake, jasho jembamba likamtoka, akaacha robo.

Mpishi mkuu alitoka jikoni mwenyewe kuuliza kama kuna msiba.

Rocco alingoja mpaka wafike nyumbani. Kwao, kutoka Calabria, kusini mwa Italia, hadi Reservoir, mgeni anayeacha chakula anamwambia mwenyeji machoni kwamba chakula chake ni kibaya na ukoo wake una walakini. Alifungua friji akiwa bado na tai shingoni, akatoa sufuria ya maharage ya jana, akayala kwa upawa, amesimama. Njegere nne na ravioli tatu hazimfikishi fundi wa terazo asubuhi.

"Tatu!" alisema, mdomo umejaa. "Wamepewa tatu, wamerudisha moja! Theluthi nzima ya ukarimu wangu imerudi jikoni!"

"Labda hawapendi jibini," alisema Mimma.

"Basi waseme! Mtu anakataa kwa mdomo, Mimma, hakatai kwa uma!"

"Baba, tafadhali," alisema Ornella.

"Wametualika nao, Jumapili ya wiki ijayo, chakula cha mchana. Vizuri. Tutakwenda. Na hakuna Scopelliti atakayeacha hata punje. Watajua watu waliolelewa wanakulaje. Wakitudharau tena, mimi na harusi hiyo basi. Sitamshika mwanangu mkono nikapita naye katikati ya kanisa kumpeleka kwa watu wanaonitukana mezani. Atapita peke yake."

Ornella alikwenda chumbani akafunga mlango polepole. Kwa watu wa nyumba ile, waliozoea kubamiza milango, hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Mlangoni mwa jikoni alikuwa amesimama Allegra, miaka kumi na mitano, nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni ya masista. Huko shuleni alikuwa na jina. Ndiye aliyeandika barua ya askofu iliyotangaza sikukuu ya mtakatifu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na masista walikuwa wamekwisha kupiga pasi vitambaa vya altare kabla ya mtu kwenda kuuliza. Kitanda cha pili katika chumba chake bwenini kilikuwa cha Felicity Yip, Mchina kama akina Pang, na Felicity alikuwa amemweleza zamani, tena kwa mifano: kwao, ukimaliza kila kitu, mwenyeji anaelewa kwamba hukushiba, aibu inamshika, analeta zaidi. Ukiacha kidogo, unamwambia amekukirimu vya kutosha, Mungu ambariki.

Kwa hiyo Allegra alijua. Ravioli ya Bibi Pang haikuwa tusi, ilikuwa sifa. Alifungua mdomo aseme.

Halafu akamwona baba yake akikwangua sufuria. Akawaza: mgeni aliyeapa kutoacha kitu, na mwenyeji asiyevumilia kuona sahani tupu. Wawili hao, meza moja, Jumapili mchana. Nafasi kama hiyo haimjii binadamu mara mbili katika ujana wake.

Akafunga mdomo, akaenda kulala kwa amani kama mtoto mchanga.

Ungeuliza, je, wachumba wenyewe hawakujua? Kelvin alidhani ukoo wote wa Scopelliti una njaa ya kuzaliwa nayo, maana Ornella alikuwa akimaliza chakula chake na cha Kelvin tangu siku walipoonana. Naye Ornella aliona haya kumwambia mchumba wake kwamba baba amekasirishwa na ravioli.

Jumapili ikafika. Mkahawa wa Kichina wa Peoni Saba uko ghorofani, mtaa wa Little Bourke, na una kofia tatu. Daktari Pang alikuwa amekodi chumba cha faragha chenye zulia jekundu, meza ya duara, na katikati ya meza kioo kikubwa cha kuzunguka. Wahudumu walivaa glavu nyeupe. Samaki aliletwa kwanza akiwa hai, kwenye ndoo, awasalimie wageni. Akarudi baada ya robo saa akiwa na tangawizi mgongoni.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Daktari Pang, mtu mnene mwenye meno meupe ya kutangazia biashara yake. "Leo tule kwanza, mengine baadaye. Hatuwezi kuzungumza mambo ya watoto na tumbo la mgeni likiwa wazi."

"Hilo tu tunakubaliana," Rocco alimnong'oneza mkewe, akafungua kifungo cha koti.

Daktari Pang mwenyewe alimpakulia kwa vijiti virefu: kipande cha bata mwenye ngozi inayolia ikivunjwa, kamba, figili ya mvuke. Rocco alimaliza. Sahani yake haikupata hata nafasi ya kupoa, ikajazwa. Akamaliza. Ikajazwa.

"Mzee mwenzangu unakula vizuri," alisema daktari.

"Kwetu hatuachi," alisema Rocco, akiwatazama mmoja mmoja.

"Naona," alisema daktari, akameza mate. "Naona kabisa."

Allegra alikuwa na furaha isiyoelezeka. Alikuwa ameketi mkabala na baba yake, kitambaa kimekunjwa vizuri mapajani, uso umetulia kama wa mtawa, na ndani yake palikuwa na kicheko kinachochemka. Kioo kilizunguka, vyakula vikapita mbele yao kama maandamano ya kitaifa. Akaja kuku aliyepikwa kwa udongo. Wakaja kaa. Alipofika jongoo bahari, mweusi, anayeteleza, anayetikisika bila kuguswa, Rocco alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" alimwuliza Mimma kwa Kikalabria.

"Usiulize. Meza."

Akameza. Daktari Pang, alipoona ametoweka, akamwekea wa pili.

Kufikia sahani ya tisa, mambo yalianza kubadilika. Mimma alikuwa amenyamaza, na Mimma huwa hanyamazi hata akiwa amelala. Daktari Pang alikuwa akijifuta paji la uso kwa kitambaa, akimwita mhudumu pembeni kila dakika tano.

"Bado wana njaa," Allegra alimsikia akinong'ona. "Lete bata mwingine."

"Bata wamekwisha, daktari."

"Basi lete samaki!"

"Aliyebaki kwenye tangi ni wa mapambo."

Bibi Pang alikuwa akizitazama zile sahani tupu za akina Scopelliti, zinazong'aa kana kwamba zimetoka kuoshwa, kisha anamtazama mwanawe, kisha sahani, na kila alipotazama daktari alizidi kusinyaa ndani ya suti yake. Daktari akaagiza wali. Akaagiza tambi. Vyakula hivyo huletwa mwishoni, mgeni avionje tu na kuviacha, iwe ishara kwamba karamu imetimia. Rocco alivimaliza vyote viwili, akafuta bakuli kwa kidole.

Harusi haikuwa imetajwa hata mara moja. Daktari alikuwa anangoja mgeni ashibe. Mgeni alikuwa anangoja mwenyeji aache kuleta. Hesabu hiyo, Allegra aliiona sasa kwa mara ya kwanza, haikuwa na jibu.

Kikapu cha mwanzi kikafika, moshi unapanda: maandazi meupe ya mvuke, kila moja kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Daktari Pang akaweka moja kwenye kila sahani. Rocco alilitazama lake. Machozi yalimlengalenga. Vifungo vyote vinavyoweza kufunguliwa mbele za watu vilikuwa vimekwisha kufunguliwa.

"Wanataka kuniua," alimwambia Mimma kwa Kikalabria. "Nimeelewa sasa. Wananilisha kama nguruwe wa Krismasi, wanacheka moyoni. Namaliza hili andazi, nasimama, tunakwenda nyumbani, na harusi hakuna mtu aniulize."

"Rocco."

"Nimesema."

Hapo ndipo Allegra alipomwona dada yake. Ornella naye alikuwa amesikia. Hakulia kwa sauti. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai, na machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya chai, tone, tone, naye anakunywa ile chai ili Kelvin asione. Kicheko kilichokuwa kikichemka ndani ya Allegra tangu asubuhi kilipoa ghafla.

Akachukua andazi lake. Akalimega, akala nusu. Nusu nyingine akairudisha katikati ya sahani, mahali ambapo kila mtu angeiona, akaisukuma sahani mbele kidogo.

"Nimeshiba," alisema. "Ahsanteni sana."

Kioo kiliacha kuzunguka.

"Allegra," alisema Rocco. "Maliza."

"Hapana, Baba."

"Allegra. Maliza hilo andazi."

"Siwezi, Baba. Wametukirimu vya kutosha."

Rocco alifungua mdomo kumlaani, lakini alitanguliwa. Daktari Pang alikuwa amesimama, amefumbata mikono kifuani, uso umejaa nuru kama mtu aliyeambiwa kwamba vipimo vyake vyote ni safi.

"Ameshiba!" alipiga kelele. "Mama, umesikia? Mmoja ameshiba!"

"Nimesikia," alisema Bibi Pang. Aliweka vijiti vyake chini, akamgeukia Allegra, akamchungulia kama anasoma maandishi madogo. "Nani alikufundisha hivyo, mjukuu?"

"Rafiki yangu Felicity, Bibi. Tunalala naye chumba kimoja bwenini. Aliniambia kwenu ukimaliza kila kitu ni kama kumwambia mwenyeji chakula hakikutosha."

"Ni kweli. Lini alikuambia?"

Kuna maswali ambayo mtu hujua jibu lake linakwenda wapi kabla hajalitoa. Allegra alitazama zulia.

"Mwaka jana, Bibi."

Rocco aligeuza kichwa. Kichwa peke yake; mwili uliobaki ulikuwa umeacha kupokea amri.

"Yaani wewe ulijua," alisema taratibu.

"Nilijua, Baba."

"Tangu ile ravioli."

"Tangu ile ravioli."

"Na ukanitazama nikila jongoo."

"Ndiyo, Baba."

"Wawili!"

"Wawili, Baba. Nisamehe."

"Kidudu mtu wewe!" alisema Ornella, ambaye hakujua acheke au amrushie kikombe. "Siku tisa nalia kwenye mto wangu, wewe unakula biskuti kitandani!"

"Ngojeni, ngojeni," alisema Daktari Pang, aliyekuwa bado amesimama. "Ravioli gani?"

Rocco akamwambia. Alieleza kila kitu: theluthi, mpishi aliyetoka jikoni, usingizi uliopotea. Kadiri alivyoeleza ndivyo daktari alivyozidi kushika kichwa.

"Lakini mzee mwenzangu, tulikuwa tunakusifu! Mimi niliacha moja kwa heshima yako. Mke wangu aliacha moja na nusu!"

"Kumbe ndiyo maana wewe uliacha robo," Mimma alimwambia Kelvin kwa huruma.

"Sikujua niwe upande gani, Mama," alisema Kelvin.

"Mama yangu huyu ndiye alikusifu kuliko wote," daktari aliendelea. "Mama, mwambie."

Bibi Pang alinyoosha mikunjo ya koti lake la hariri, ambalo halikuwa na mikunjo.

"Nilikuwa na njaa," alisema.

"Mama!"

"Nyamaza. Nilikuwa na njaa sana. Njegere nne! Kisha ikaja ile ravioli. Ya kwanza nikaila, nikaona huyu mpishi ana akili kumbe. Ya pili nikaila. Ya tatu nikaiacha kwa adabu, na siku tisa hizi sijafikiria kitu kingine. Niliporudi nyumbani nilichemsha tambi za pakiti, nikapasulia yai. Na wewe," akamwelekezea mwanawe kidole, "ulikula kopo zima la biskuti gizani. Nilisikia kifuniko."

Daktari wa meno alikaa chini.

"Mimi nilikula maharage," alisema Rocco. "Kwa upawa. Nimesimama."

Walitazamana, yule bibi mnyoofu na yule fundi aliyefura, kama majenerali wawili wanaogundua kwamba majeshi yao yote yalikuwa yanaibiwa na mpishi mmoja.

"Mama," alisema Rocco kwa sauti ya chini, "ravioli zile anazijua Mimma. Hazihitaji kofia. Ukija nyumbani hazitakuwa tatu."

"Zitakuwa ngapi?"

"Mpaka uchoke kuhesabu."

"Nitakuja Jumapili," alisema Bibi Pang, bila kushauriana na mtu.

Lakini lilibaki lile andazi. Lilikuwa bado mbele ya Rocco, jeupe, zima, na meza nzima ikawa inalitazama. Sasa kila mtu alijua maana yake. Miaka hamsini na tisa Rocco Scopelliti hakuwahi kuacha chakula mezani. Si kwenye harusi, si kwenye mazishi, si hata hospitalini alipotolewa kidole tumbo. Mkono wake ulianza kwenda wenyewe. Mimma akaushika kifundoni. Ornella alimtazama, macho bado yana maji.

Rocco alimwona. Akavuta pumzi, kadiri nafasi iliyobaki ilivyoruhusu. Akaweka vidole viwili kwenye ukingo wa sahani, akaisukuma mbele, kidogo, kisha kidogo tena.

"Nimeshiba," alisema, kwa sauti ya mtu anayesalimisha ngome.

Daktari Pang akammiminia chai kwa mikono miwili. "Basi sasa," alisema, "tuzungumze harusi ya watoto wetu."

"Siku yoyote," alisema Rocco. "Nitampitisha kanisani mimi mwenyewe. Isiwe leo tu."

Wakakubaliana Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na Ornella akamkumbatia baba yake kwa uangalifu mkubwa, kutoka upande, bila kumbana popote.

Allegra alidhani yamekwisha. Alikuwa anaanza hata kutunga namna atakavyomsimulia Felicity, akijipunguzia makosa hapa na pale, alipoona kioo cha katikati kinazunguka tena, polepole. Bibi Pang alikuwa amekiweka kidole kimoja juu yake. Vikombe vilipita, birika likapita, maandazi yakapita. Kikasimama. Mbele ya Allegra palikuwa na sinia la jongoo bahari, ambao hakuna mtu zaidi ya Rocco aliyewagusa.

"Mjukuu," alisema Bibi Pang kwa upole, "kwenu hakuachwi kitu. Au nimekosea?"

Allegra alimtazama baba yake kuomba msaada. Rocco alikuwa ameegemea kiti, mikono imekunjwa juu ya tumbo. Kwa mara ya kwanza mchana ule alionekana mtu mwenye raha.

"Hujakosea, Mama," alisema. "Hakuachwi."

Basi Allegra akala, kwa kuwa baba yake alikuwa anamtazama. Na kila bakuli lake lilipokuwa tupu, Bibi Pang, kwa adabu zote za kwao, akalijaza.